Huyu Karim ni Wetu, Mbona Twamsahau?

Juzi nilikuwa nimeketi barazani pangu baada ya sala ya Alasiri, kikombe cha kahawa chungu mkononi, mara mwana wa dadangu akanijia. Ni kijana wa miaka 16, mwembamba, na mfukoni mwake hamkosi mpira wa kriketi uliochubuka hata wekundu wake umegeuka rangi ya tende kavu. Akaniamkia shikamoo, nikamwitikia marahaba. Akaketi, akakohoa kidogo, kisha akasema, "Mjomba, nataka unisemee kwa mama. Nataka kuacha shule nicheze kriketi."

Kabla sijafungua kinywa, mama yake alikwisha jibu toka ndani alikokuwa akichambua mchele. "Mwambie, kaka! Mwambie kriketi ni mchezo wa Wahindi. Kisha umwulize, una faida gani?"

Nami, ndugu msomaji, nilinyamaza. Katika maneno yale machache dadangu alikuwa ameuliza maswali mawili ambayo sisi watu wa mwambao tumeyakwepa kwa miaka mingi. La kwanza, mchezo ni wa nani? La pili, mchezo una faida gani? Badala ya kujibu, nikamgeukia kijana nikamwuliza, "Wamjua Aasif Karim?"

Akatikisa kichwa. Hamjui. Kijana huyu aweza kukutajia wachezaji 11 wa timu ya soka ya London, na wale wa akiba, na ada waliyonunuliwa. Lakini mtu aliyezaliwa katika mji huuhuu wa Mombasa, akavaa jezi ya Kenya, akawafanya mabingwa wa dunia watulie kama watoto wa chuoni mbele ya maalimu wao, hamjui. Hapo nikaona kwamba kosa si la mtoto. Kosa ni letu sisi tuliojua tukanyamaza. Basi leo nasema.

NI MCHEZO WA NANI?

Aasif Yusuf Karim alizaliwa Mombasa tarehe 15 Desemba 1963. Itazameni vizuri tarehe hiyo. Kenya ilikuwa imepata uhuru tarehe 12 ya mwezi huo, kwa hiyo mtoto huyu na nchi hii wamepishana kwa siku tatu tu. Lau wangekuwa wana wa nyumba moja, tungesema wamenyonya pamoja.

Na siku zile hata sisi wenyewe wa mwambao hatukuwa na hakika sisi ni wa nani. Ule ukanda wa maili kumi uliokuwa chini ya Sultani wa Unguja ulikuwa ndiyo kwanza umeunganishwa na Kenya kwa mapatano ya Oktoba mwaka huohuo, na wazee walikuwa bado wanabishana mabarazani kama ni heri au ni shari. Jirani zetu wenye asili ya Kihindi nao walipewa miaka miwili wachague uraia. Wako waliouchukua upesi, wako waliosita. Ilipofika 1967 na 1968, maelfu yao walifunga masanduku wakaenda Uingereza kabla mlango wa huko haujafungwa.

Waliobaki walibaki. Wakazaa hapa, wakazika hapa, na Kiswahili chao kikawa hikihiki chetu. Wengine wao tulisimama nao safu moja siku ya Idi. Lakini midomoni mwetu waliendelea kuitwa "wale Wahindi," kana kwamba meli iliyowaleta babu zao ingali imetia nanga Kilindini ikiwangoja.

Na kriketi ilikaa ndani ya ua huo. Utotoni mwangu, kulikuwa na uwanja mmoja, jina lake nalihifadhi, uliozungukwa na michongoma mirefu. Sisi watoto wa mtaani tulikuwa tukichungulia kupitia matundu ya ule ua. Ndani waliwamo watu waliovaa nguo nyeupe pe, wakicheza kutoka asubuhi hadi jua kuchwa, na chai wakaletewa. Mpira ukiruka ua, sisi ndio tulioukimbilia na kuurudisha. Siku moja rafiki yangu mmoja aliuokota mbali sana, akautupa kwa mkono mmoja, ukaenda moja kwa moja mpaka ukagonga kijiti. Wale wa ndani wakapiga makofi. Mmoja akasema, "Shabash!" Kisha wakaendelea na mchezo wao. Hakuna aliyesema, "Mfungulieni huyu mtoto lango." Askari alikuja na kirungu akatufukuza, nasi tukaenda zetu huku tukiwatukana. Rafiki yangu yule alikuja kuwa mchukuzi bandarini, na mkono wake ule ulibeba magunia mpaka ukachoka.

Nasema haya si kwa kufukua ya kale, bali kwa kuwa haki haina upande mmoja. Wao walifunga lango, ni kweli. Lakini sisi nasi tulipofukuzwa tulisema, "Waacheni na mchezo wao," na neno hilo tukawarithisha watoto wetu mpaka likafika kwa dadangu na ungo wake wa mchele. Ua ule ulijengwa na mikono ya pande mbili.

Na penye lango wazi, matunda yalionekana. Itazameni timu ya Kenya iliyocheza Kombe la Dunia mwaka 2003. Alikuwemo Steve Tikolo, nahodha. Alikuwemo Thomas Odoyo. Walikuwemo ndugu wawili, Martin na Tony Suji. Walikuwemo Kennedy Otieno, David Obuya na Collins Obuya, watatu wa tumbo moja. Pamoja nao walikuwemo Hitesh Modi, Ravi Shah, Brijal Patel, na Karim wetu wa Mombasa. Sasa niambieni, timu hiyo ilikuwa ya Wahindi au ya nani? Majina yale ukiyasoma kwa mfululizo, wasoma Kenya yenyewe. Uwanjani walijua lile ambalo barazani hatujalijua mpaka leo.

MKONO WA KUSHOTO

Kwa asiyeujua mchezo huu, nitaueleza kwa ufupi. Nyuma ya mpigaji husimamishwa vijiti vitatu. Mtupaji hutaka kuviangusha, au amhadae mpigaji akosee mpira udakwe hewani. Mpigaji naye huvilinda kwa gongo lake bapa, na akipata nafasi huupiga mpira mbali akakimbia. Kila mkimbio ni hesabu kwa timu yake. Mitupo sita hufanya ova moja. Mpigaji akitolewa, husemwa wiketi imeanguka.

Wako watupaji wanaokuja mbio kama dhoruba ya kusi, mpira ukapita hata macho yasiuone. Karim hakuwa wa hao. Yeye alitupa polepole, kwa mkono wa kushoto, mpira akiuzungusha kwa vidole ili ukigusa ardhi upotoke kidogo. Mkono wa kushoto! Ule tunaowakanya watoto wetu wasilie chakula, ndio Mwenyezi Mungu aliomtilia ufundi wake.

Na watu husema mtupo wa polepole ni rahisi. Jambo hilo si kweli hata kidogo. Mtupaji wa kasi akikosea kidogo, kasi humsitiri. Mtupaji wa polepole hana pa kujificha. Mpira wake huonwa na kila mtu, na akikosa shabaha kwa upana wa kiganja tu, utapigwa ukaangukie majukwaani. Kazi yake ni kama ya mshona kofia wa kwetu, tundu baada ya tundu, mshono baada ya mshono, na mmoja ukienda upande, kofia nzima imeharibika. Silaha yake ni subira.

Michezo kwa akina Karim ilikuwa kama ufundi wa jahazi kwa watu wa Lamu, baba humwachia mwana. Baba yake, Yusuf, alikuwa mwanamichezo. Mwanawe, Irfan, naye aliichezea Kenya kriketi. Aasif mwenyewe hakutosheka na mchezo mmoja, maana aliiwakilisha Kenya pia katika tenisi, katika mashindano ya Davis Cup. Ni wangapi ulimwenguni waliozichezea nchi zao michezo miwili?

Lakini zama zake zilimchelewesha. Mwaka 1975, Kombe la Dunia la kwanza lilipochezwa Uingereza, Kenya haikuwa na timu yake; wachezaji wetu walichanganywa na wa Uganda, Tanzania na Zambia katika timu moja ya Afrika Mashariki, ikafungwa mechi zake zote tatu. Kenya ilijiunga na baraza la kriketi la dunia kwa jina lake yenyewe mwaka 1981. Ikabidi kungoja tena mpaka 1996 ndipo ikafika Kombe la Dunia. Karim alipocheza mechi yake ya kwanza ya kimataifa ya siku moja, mjini Cuttack dhidi ya India, Februari 1996, alikuwa na miaka 32. Umri ambao wengine huanza kufikiria kustaafu, yeye ndipo alipofunguliwa mlango.

Mwezi huohuo, tarehe 29, alikuwemo katika timu iliyoishangaza dunia mjini Pune. Kenya walipata mikimbio 166 tu, na West Indies, waliokuwa wamekwisha kulitwaa kombe hilo mara mbili, wakaporomoka kwa 93. Rajab Ali alimtoa Brian Lara, na mdakaji Tariq Iqbal akaushika mpira ule ambao mpaka leo wapenzi wa kriketi huusimulia.

Mwaka 1997, hapo Nairobi, Karim aliwatoa wapigaji watano wa Bangladesh kwa mikimbio 33. Akapewa unahodha. Mei 1998 Kenya waliifunga India kwao, mjini Gwalior, kwa mikimbio 69. Mwaka 1999 akaiongoza timu kwenye Kombe la Dunia Uingereza, na huko mambo yakaharibika, wakashindwa mechi zote tano. Nahodha akarudi nyumbani, akaweka chini mpira, akashika kazi yake ya bima. Alikuwa na miaka 35. Kila mtu akadhani hadithi imekwisha.

MWAKA WA MASHAKA

Sasa nataka mkumbuke hali yetu ilivyokuwa mwishoni mwa 2002. Tarehe 28 Novemba mwaka huo, na ilikuwa Ramadhani, hoteli moja ya Kikambala ililipuliwa kwa bomu, wakauawa Wakenya 10 na Waisraeli 3. Asubuhi ileile, makombora yalirushwa kuilenga ndege ya Waisraeli ilipokuwa ikiruka kutoka uwanja wa Moi, yakaikosa.

Waliotenda hayo hawakutuuliza sisi. Lakini mzigo ulituangukia. Misako ikaja mitaani. Kijana mwenye kanzu na kofia alikuwa akisimamishwa njiani kuulizwa kitambulisho, na mwenye jina la Kiislamu akatazamwa mara mbili. Mwaka uliofuata ukaletwa mswada wa sheria ya ugaidi ambao Waislamu wengi waliupinga wakiona umewalenga wao. Tulikuwa kama mtu aliyeibiwa kisha akashikwa yeye kuwa ndiye mwizi.

Hofu hiyo iliingia mpaka katika kriketi. Mechi mbili za Kombe la Dunia la 2003 zilipangwa kuchezwa Nairobi. New Zealand walikataa kuja, wakasema wanahofia usalama, na pointi zikaenda kwa Kenya bila mpira kurushwa. Wako wanaosema mpaka leo kwamba Kenya ilifika mbali kwa sababu ya pointi hizo za bure. Nami nakiri, zilisaidia. Lakini Sri Lanka, waliokuwa mabingwa wa 1996, walikuja Nairobi wakacheza, wakafungwa kwa mikimbio 53, Collins Obuya akiwatoa watano. Bangladesh nao wakafungwa, Zimbabwe wakafungwa. Hayo hayakuwa ya bure.

Na katika kikosi hicho, wakuu wa timu walikuwa wamemfuata mtu wa bima wakamwambia, rudi. Karim akarudi, akiwa na miaka 39. Fikiria, msomaji. Nchi nzima yaitazama Pwani kwa jicho la shaka, na nchi hiyohiyo yamwita mtu wa Mombasa aje aisaidie.

USIKU WA DURBAN

Tarehe 15 Machi 2003, Kenya ilikutana na Australia mjini Durban. Australia walikuwa mabingwa wa dunia, na katika mashindano yale hawakufungwa na mtu kuanzia mwanzo mpaka walipolitwaa kombe. Tulikusanyika kwenye baraza moja ya Mji wa Kale, televisheni imewekwa juu ya kreti za soda, waya umepitishwa dirishani. Wengi walikuja kwa ajili ya kahawa na gumzo kuliko kriketi.

Mwanzo ulikuwa mbaya. Brett Lee aliwatoa Wakenya watatu kwa mitupo mitatu mfululizo. Tikolo akajikaza akapata mikimbio 51, na timu nzima ikafikisha 174. Ilipofika zamu ya Australia, Adam Gilchrist aliupiga mpira kana kwamba una deni lake. Alipata 67 kwa muda mfupi. Mzee mmoja akasimama, akakung'uta msuli wake, akasema, "Haya, tukalale."

Ndipo Karim akapewa mpira.

Hakuja mbio. Alitembea hatua zake chache, akauachia polepole, ukatua palepale alipotaka. Ricky Ponting, nahodha wa Australia na mmoja wa wapigaji wakali wa zama zake, ukampita ukamgonga mguuni mbele ya vijiti. Refa akanyanyua kidole. Yule mzee akaketi tena. Kisha Darren Lehmann akaugusa kidogo tu, ukadakwa nyuma yake. Kisha Brad Hogg akaurudisha mkononi mwa Karim mwenyewe, akatoka bila mkimbio hata mmoja. Ova ikaisha bila mkimbio. Ikaja nyingine, bila mkimbio. Ikaja nyingine. Barazani pakawa kimya, hata mwuza kahawa akaacha kugonganisha vikombe vyake.

Hesabu iliandikwa, na haifutiki. Karim alitupa mitupo 50, yaani ova nane na mitupo miwili. Ova sita kati ya hizo hawakupata kitu. Kwa jumla alitoa mikimbio 7 na kuchukua wiketi tatu. Australia walishinda, hilo silifichi. Andrew Symonds na Ian Harvey walisimama imara wakafikisha 178 kwa wiketi tano. Lakini tuzo ya mchezaji bora wa mechi alipewa mtu wa timu iliyoshindwa, mtu wa miaka 39, wa kazi ya bima, mzaliwa wa Mombasa.

Tuliporudi majumbani usiku ule, tulipita doria ya askari pale njiapanda. Mmoja wao, mtu wa bara, akatuuliza, "Wazee, mliona yule mtu wenu?" Mtu wenu! Kwa miezi mingi neno "wenu" lilikuwa la kutusimangia. Usiku ule lilikuwa la heshima. Na ajabu ni kwamba askari yule alijua kuwa Karim ni wetu kabla sisi wenyewe hatujakubali.

Siku tano baadaye, palepale Durban, Kenya ilicheza nusu fainali na India, ikashindwa kwa mikimbio 91. Ndiyo ikawa mechi ya mwisho ya Karim kwa Kenya. Alikuwa amecheza mechi 34 za kimataifa za siku moja na kuchukua wiketi 27. Si hesabu ya kutikisa vitabu. Wako waliochukua mamia. Lakini mtu hupimwa pia kwa siku aliyohitajiwa, je, alikuwepo?

UNA FAIDA GANI?

Sasa narudi kwa swali la pili la dadangu, nalo ni zito kuliko la kwanza, maana mama huwaza sufuria.

Ukweli ni kwamba kriketi ya Kenya haikuwalisha watu wake kama ilivyostahili. Baada ya 2003 ilitakiwa tupande juu, nasi tukateremka. Wachezaji na viongozi wakagombana juu ya malipo. Mwaka 2004 mmoja wa manahodha wa zamani akafungiwa miaka mitano kwa kusuhubiana na mtu wa kamari, na kamari twajua dini yetu yasema nini juu yake. Kombe la Dunia la 2011 tulishindwa mechi zote sita, na hatujarudi tena huko. Mwaka 2014 Kenya ikapoteza hata haki ya mechi zake kuhesabiwa za kimataifa za siku moja. Nchi iliyofika nusu fainali, jambo ambalo hakuna nchi nyingine isiyokuwa na hadhi ya kucheza mechi za siku tano iliyopata kulifanya katika kombe hilo, ikarudi nyuma ya zile ilizokuwa ikizifunga.

Kwa hiyo mtu akisema, "Mwanangu asiache shule kwa ajili ya kriketi," mimi namwunga mkono kwa mikono miwili. Na Karim mwenyewe ni ushahidi. Mpira ulipomwacha mwaka 1999, kazi ilikuwepo ya kumpokea. Kwa kuwa hakuwa mtumwa wa mchezo, aliweza kuurudia akiwa huru, bila njaa ya kumfanya auze jina lake. Riziki na mchezo ni kama ngalawa na matengo yake, ukivunja kimoja utazama.

Lakini mtu akisema, "Mchezo ni upuuzi, hauna faida," hapo naachana naye. Faida si shilingi peke yake. Kuna faida gani katika subira? Kuna faida gani katika kurudia jambo moja mara elfu kumi mpaka mkono ukalijua? Kuna faida gani kwa mtu mzima wa miaka 39 kukubali kuitwa tena, akijua akishindwa atachekwa? Mambo haya ndiyo tunayowaomba walimu wawafunze watoto wetu, nasi twaudharau mchezo unaoyafunza.

Na ipo faida ya watu wote kwa jumla. Vijana wetu wameambiwa muda mrefu kwamba Pwani imeonewa, na mengi katika hayo ni kweli. Lakini mtoto anayesikia malalamiko peke yake hukua akiamini kwamba yeye ni wa kuonewa tu. Mpe na habari za aliyefanya jambo. Mwambie kwamba katika mwaka ule ambao jina letu lilikuwa likitajwa pamoja na mabomu, mmoja wetu alilitaja kwa mpira wa polepole wa mkono wa kushoto.

LANGO LIFUNGULIWE

Basi naomba mambo matatu, wala si makubwa.

Kwanza, wenye viwanja na vilabu wafungue malango. Mtoto anayechungulia uani aitwe ndani, apewe mpira. Hasara yake ni nini? Michongoma haijapata kumtoa mpigaji hata mmoja.

Pili, sisi wazazi tuliache neno "mchezo wa Wahindi." Aliyezaliwa Mombasa siku tatu baada ya uhuru, kama huyu si wa hapa, basi nani wa hapa? Leo twamtenga yeye kwa asili ya babu zake. Kesho mwingine atatutenga sisi kwa asili ya babu zetu, na wengi wetu tukihesabiana babu, hatutamaliza salama.

Tatu, habari hii isimuliwe, majumbani na shuleni. Si lazima tujenge sanamu, na sanamu si desturi yetu. Masimulizi yatosha. Wazee wetu walihifadhi mashairi ya miaka mia mbili vichwani mwao. Sisi tumeshindwa kuhifadhi mitupo 50?

Ama yule mpwa wangu, nilimwambia hivi: shule huachi. Lakini kila Jumamosi asubuhi nitakupeleka mwenyewe uwanjani, na wakikuzuia langoni nitasema nao. Alikubali, ingawa uso wake ulionyesha kwamba alitarajia zaidi. Akaondoka akiuzungusha mpira wake kwa vidole, na nikaona jambo ambalo sikuwa nimeliangalia siku zote. Auzungusha kwa mkono wa kushoto.

Dadangu alikuwa bado ndani na ungo wake. Nilidhani hakusikiliza. Muda ukapita, ndipo akauliza kwa sauti ya chini, "Kaka, huyo Karim kwao ni mtaa gani hasa?"

Nikacheka peke yangu. Hapa kwetu, mtu hatumwulizi mtaa wake mpaka tuwe tumekwisha kumhesabu kuwa ni wetu.